Minazi ya Upande wa Kisima: Bi Nyamvula Alipewa au Aliachiwa?

Kuna tofauti gani kati ya kupewa kitu na kuachiwa kitu? Mwandishi wa makala haya aliulizwa swali hilo Likoni, akafungua kinywa ili ajibu, kisha akakifunga. Hakuwa na jibu siku ile, na anapoandika mistari hii bado hana.

Ni asubuhi, na umande haujakauka. Bi Nyamvula ameketi kitako juu ya jamvi kando ya kisima, miguu ameinyosha mbele. Mapajani amelaza kijiti kirefu kilichochanwa kutoka uti wa kuti la mnazi. Anatwaa majani yaliyolowekwa tangu jana, anayakunja juu ya kijiti, anayashona kwa sindano ya mti na kamba ya ukindu, kisha anatwaa mengine. Vidole vyake vinajiendea vyenyewe. Macho yake yako njiani, anakotarajiwa Rama, mrithi wa shamba.

“Jani likikauka kabla ya kushonwa, limekufa,” asema bila kugeuka. “Ukilikunja linavunjika. Ndiyo maana nashonea hapa. Maji yapo, kivuli kipo. Niondoe hapa, uniambie nikashonee wapi.”

Aliyeketi naye ni shoga yake Jumwa, Mkristo kutoka Kaloleni, ambaye mumewe ni kuli bandarini. Jumwa hushona polepole na kusema haraka.

“Unamtazamia Rama kama bibi arusi anavyomtazamia bwana,” amwambia. “Mwenzio anakuja na kamba ya kupimia, si na mahari.”

“Nyamaza wewe! Mbele ya mgeni?”

“Mgeni gani? Huyu binti ametoka kusoma Kampala. Ndiye atakayetwambia. Eti mwanangu, kupewa na kuachiwa si mamoja?”

Hapo ndipo mwandishi alipofungua kinywa na kukifunga.

Bi Nyamvula ni mshonaji wa makuti, na kazi hii ameifanya tangu utoto wake. Yapata sasa miaka mitatu tangu vita viishe, na mabati bado ni adimu, kwa hiyo wajenzi wa Likoni na hata wa kisiwani humtuma kwake kila aliye na nyumba inayovuja. Korija moja, yaani makuti ishirini, humpatia senti sitini. Katika siku njema hushona korija mbili. Katika siku za mvua hashoni hata moja, kwa sababu makuti mabichi yakirundikwa huota ukungu.

Alizaliwa upande wa Kwale. Aliletwa Likoni angali msichana mdogo, mwaka wa njaa, na mjomba wake aliyekuwa akitafuta mahali pa kumwacha. Aliyempokea ni marehemu Bi Mwanarehema, mjane asiyekuwa na mtoto, mwenye shamba la minazi lililoanzia kisimani hadi barabarani. Nyamvula alimwita mama tangu siku ya kwanza. Alikua nyumbani mwake, akaolewa kutoka nyumbani mwake, na mumewe alipochukuliwa jeshini akafia vitani huko Bama, akarudi nyumbani mwake. Bi Mwanarehema akamjengea kibanda cha chumba kimoja karibu na kisima, ili awe na mlango wake mwenyewe.

“Mtu mzima awe na mlango wake. Ndivyo alivyosema,” akumbuka Bi Nyamvula.

Msomaji asiyeijua pwani hana budi kuelezwa jambo moja. Hapa mnazi na udongo ambao mnazi umesimama juu yake vyaweza kuwa na wenyewe wawili. Mtu humiliki minazi minne katika shamba la jirani yake, akaangua nazi zake na kukata makuti yake, na mwenye ardhi asiweze kuikata wala kujenga juu ya mizizi yake. Ni desturi ya zamani, na watu hawaishangai.

Kwa hiyo hapakuwa na mshangao siku ya pili ya Idi, miaka mitatu kabla ya kufa kwake, Bi Mwanarehema alipotoka nje akiwa na afya yake, akasimama mbele ya majirani waliokuja kumwamkia, akanyosha mkono.

“Minazi hii ya upande wa kisima ni ya Nyamvula,” alisema. “Mjue nyote.”

Majirani wakasema “Mungu akubariki,” wakaendelea na vitumbua vyao. Upande wa kisima una karibu nusu ya minazi ya shamba zima. Ndiyo minene na ndiyo yenye makuti marefu.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoleta shida ya leo.

Kila baada ya miezi mitatu hivi, mkwezi huja kuangua nazi. Mkwezi wa shamba hili ni Boga, mwanamume mwembamba mwenye nyayo ngumu kama magome anayoyapanda. Katika kazi yake kuna kanuni moja: nazi zikishateremka, mkwezi huzirundika mbele ya mlango wa mwenye mnazi. Haulizi na haelezi. Panaporundikwa nazi, hapo ndipo kwa mwenyewe.

Baada ya Idi ile Boga aliangua, akarundika nazi za upande wa barabara mlangoni kwa Bi Mwanarehema, na nazi za upande wa kisima mlangoni kwa Bi Nyamvula.

Na Bi Nyamvula alifanya nini? Alitia nazi katika pakacha, pakacha baada ya pakacha, akazibeba zote hadi jikoni kwa Bi Mwanarehema.

“Ningefanyaje?” auliza, na sasa sindano yake ya mti imesimama. “Mama yu hai, mama amekaa pale mlangoni ananiona, nami niingize nazi zake chumbani kwangu nizifungie? Ningekuwa mtu wa namna gani? Watu wangesema namngojea afe.”

Bi Mwanarehema alipoziona nazi zile zikiingia jikoni kwake alisema, “Ahsante, Nyamvula.”

Naye Nyamvula alijibu kama anavyojibu mtoto aliyelelewa vyema: “Zako mwenyewe, mama.”

Ikawa hivyo msimu baada ya msimu, hata mama mtu alipofariki mwaka jana. Boga huweka mlangoni kwa Nyamvula, Nyamvula hubeba, mama husema ahsante, Nyamvula hujibu zako mwenyewe.

Bi Mwanarehema hakuacha mume wala mtoto wala ndugu aliye hai. Mrithi wake ni Rama, mtoto wa kiume wa ndugu yake, mfanyakazi wa bandarini anayekaa Changamwe. Rama alikuja matangani, akalia kama watu wanavyolia, na baada ya arobaini akarudi kuuliza habari za shamba. Bi Nyamvula akamwambia kwa ujasiri wote, “Minazi ya kisimani niliusiwa na mama.”

Rama hakupinga. Alisema, “Wasia? Naukubali, dada.” Bi Nyamvula akalala usingizi mzuri usiku ule.

Juma lililofuata Rama alirudi na maelezo. Wasia, alisema, hauwezi kupita theluthi ya mali ya marehemu, isipokuwa mrithi aridhie zaidi, naye haridhii. Atampa dada yake theluthi kamili ya minazi, haki yake, wala hatamdhulumu hata mmoja. Lakini itakuwa ile ya kando ya barabara. Ya kisimani ataikata, kwa sababu hapo ndipo pana maji na ndipo anapotaka kujenga vyumba vya kupangisha makuli.

“Nilihisi kama mtu aliyepanda ngazi akakuta kipandio hakipo,” asema Bi Nyamvula.

Kwa nini basi alisema wasia, asiseme alipewa kwa hiba, mama angali hai? Jibu lake ni la kweli, na linasikitisha. “Nilidhani wasia ndilo neno zito. Neno la mtu aliyekufa, nani atalivunja? Hiba nilidhani ni zawadi tu, kama leso ya Idi. Nikachagua neno zito. Sijui kama nilichagua, wallahi. Lilinitoka tu.”

Alikwenda kwa Mwalimu Mwinyihaji, anayefundisha watoto Kurani karibu na msikiti. Mwandishi alifuatana naye mara ya pili, siku chache kabla ya asubuhi ya leo, pamoja na Jumwa, aliyekuja, kwa maneno yake mwenyewe, kusikiliza tu. Mwalimu ni kijana bado, mwenye sauti iliyopwelewa kwa kupigia watoto kelele.

“Hiba,” alieleza, “ni mali unayoitoa ungali hai. Wasia pia unautoa ungali hai, lakini…”

“Basi ni kitu kimoja,” alisema Jumwa.

“Si kimoja, mama! Katika hiba mali inatoka mkononi mwako leo. Katika wasia unasema leo, lakini mali inabaki mkononi mwako mpaka ufe. Waweza hata kughairi. Hiba ikishatimia, mali si yako tena, hata ikiwa ni nusu ya ulichonacho, hata ikiwa ni yote.”

“Hata yote?” aliuliza Bi Nyamvula.

“Hata yote. Theluthi ni mpaka wa wasia. Hiba ya mtu mwenye afya yake haina mpaka huo.”

Bi Nyamvula alimtazama mwandishi, mwandishi akamtazama mwalimu. Kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba mambo yamekwisha.

“Ila,” alisema Mwalimu Mwinyihaji, “hiba ina masharti. Mtoaji aseme nimetoa. Mpewaji akubali. Na kitu kikabidhiwe, kiingie mkononi mwa mpewaji mtoaji angali hai. Je, minazi ile uliipokea?”

“Nazi ziliwekwa mlangoni kwangu.”

“Vyema. Ukazifanya nini?”

“Nikazirudisha kwa mama.”

“Ah.”

“Kwa heshima, mwalimu.”

“Ukasema nini ulipozirudisha?”

Bi Nyamvula alieleza. Mwalimu alivua kofia yake, akajikuna, akaivaa tena.

“Umesema ‘zako mwenyewe’ kwa mdomo wako? Mbele za watu?” alisema. “Hapo yaweza kusemwa hukukubali. Tena yaweza kusemwa ulikubali, kwa kuwa huwezi kurudisha usichopokea. Tena yaweza kusemwa… Ninyi mnanipeleka mbali. Mimi nafundisha alifu na be. Nendeni kwa kadhi.”

Njiani Jumwa alisema kwamba alipokwenda hakujua kitu kimoja, na sasa hajui vitu viwili.

Mwandishi aliyasikia yote haya na kuyafikiri kwa bidii. Aliona kwamba sheria ina sababu ya kutaka kitu kishikwe kwa mkono, maana pasipo hivyo kila mtu angedai amepewa. Aliona vilevile kwamba malezi ya Bi Nyamvula yalimfundisha kutoshika. Ni lipi katika hayo mawili litakalotoa hukumu? Hapo ndipo fikira zake hugota kila mara.

Jua limeshapanda Rama anapotokea. Amevaa kaptula ya kaki ya kazini, na kweli ana kamba begani.

“Hodi. Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Karibu, ndugu yangu. Keti.”

Anaketi juu ya karai lililofudikizwa. Anaulizwa hali ya watoto, naye anajibu kwamba wazima, ila mdogo ana kikohozi. Wanalala sita katika chumba kimoja Changamwe, na mwenye nyumba amewapandishia kodi. Hasemi haya kwa ujanja. Uso wake ni wa mtu aliyechoka.

“Dada, mimi si adui yako,” asema. “Vyumba vitanitoa pale. Nimekupa theluthi. Twende leo tuvuke feri, tukaandikishe mbele ya kadhi, tumalize. Wengine wangekupa nini? Kwaheri tu.”

“Na mimi nikashonee barabarani, kwenye vumbi?”

“Utachota maji.”

“Kwa ndoo ngapi, Rama?”

Rama anaitazama kamba yake. “Jana nimesikia unasema sasa si wasia, ni hiba. Dada, Idi ya mwaka juzi nilikuwepo. Niliketi pale. Nazi zimeingia jikoni, shangazi amesema ahsante, na wewe, kwa masikio yangu haya, umesema ‘zako mwenyewe, mama.’ Sasa leo zimekuwa zako?”

Bi Nyamvula anatwaa jani, analikunja, limekauka, linavunjika.

Hapo anaingia Boga, ambaye leo hakuja kukwea ila kunywa maji kisimani. Amesikia maneno ya mwisho, naye si mtu wa kujifanya hakusikia.

“Mimi nitakwenda kusema,” asema. “Nitamwambia kadhi nazi niliweka mlangoni kwa Bi Nyamvula.”

“Na zilikwenda wapi?” auliza Rama.

“Zilipokwenda si kazi ya mkwezi.”

Jumwa anacheka. Kisha anaweka chini kuti lake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anasema polepole.

“Lakini mimi kuna kitu kinanichoma. Nikichukua unga wangu, wa chungu changu, nikaupika mwenyewe, halafu nikakugeukia nikakuambia ahsante, shoga, utaniitaje?”

“Mwendawazimu.”

“Bi Mwanarehema alikuwa mwendawazimu?”

“Mama? Akili zake zilikuwa timamu mpaka siku ya kukata roho.”

“Basi alikuwa akikushukuru nini miaka mitatu?”

Bi Nyamvula anamtazama shoga yake bila kupepesa. “Nilidhani ananitania,” asema. “Nilidhani ni maneno ya mzee kumfurahisha mtoto.”

Boga anajifuta maji kidevuni. “Hakuwa akitania. Mimi alinifokea. Msimu wa pili nilimwambia, mama, kwa nini niweke nazi mlangoni kwa Nyamvula na yeye anazirudisha zote kwako? Niziweke kwako mara moja, nipunguze safari. Akaniambia, ‘Azirudishe. Wewe weka mlangoni kwake.’”

“Hukuniambia,” asema Bi Nyamvula.

“Hukuniuliza. Nikadhani unajua.”

Kamba imemteleza Rama begani, na hajaiokota. Mwishowe asema kwa sauti ya chini, “Hata hivyo, dada, ulisema zako. Hilo halifutiki.”

“Halifutiki,” akubali Bi Nyamvula.

Anaweka kando kijiti chake na kusimama, akikung’uta vipande vya majani katika leso yake. Ni mwanamke mfupi, lakini wote walioketi wanalazimika kuinua nyuso zao. Mwandishi, ambaye mpaka sasa hajui kadhi atasema nini, wala hajui yeye mwenyewe angesema nini, ananukuu maneno haya kama yalivyosemwa.

“Rama ndugu yangu, theluthi yako siitaki. Nakushukuru, najua umeitoa kwa moyo safi, lakini siitaki, kwa sababu sikuachiwa. Nilipewa. Alhamisi navuka feri kwenda kwa kadhi, na wewe uje. Neno la wasia nalirudisha, nililisema kwa kutojua. Nitasema: mama alinipa, mimi nikamrudishia kwa adabu, naye kwa kuniambia ahsante kila mara akakataa kurudishiwa. ‘Zako mwenyewe’ nitaisema mimi kwanza kabla hujaisema wewe, sitaificha. Na Boga atasema aliyoambiwa. Kadhi akisema hiyo si hiba, nitatoka mikono mitupu, nawe ukate minazi ujenge. Sitakununia, na watoto wako watakuja kwangu kama kawaida.”

Anamgeukia mkwezi.

“Na akisema ni hiba, Boga, msimu ujao nazi za kisimani utaziweka mlangoni kwangu, nami nitaziingiza ndani. Nitampelekea Rama pakacha moja, ya watoto. Na akiniambia ahsante, nitamjibu karibu.”